Picha za bibi zinatoka uso mweusi na pua kubwa, nifanyeje?

mtoto_wa_Pangani: Habari zenu wakuu. Nina kamera ndogo ya dijitali ya mfukoni, megapikseli 16, zumu yake 5x. Bibi yetu anatimiza miaka 80 na familia inataka picha yake moja nzuri ya kuweka kwenye fremu. Nampiga akiwa amekaa barazani, nyuma kuna ukuta wa chokaa, saa saba mchana, basi ukuta unang'aa lakini uso unatoka mweusi tii, macho huyaoni. Nikimsogelea ili uso ujae ndo pua inakuwa kubwa masikio yanapotelea nyuma. Ninunue kamera nyingine?

fundi_studio: Usinunue mkuu, hiyo inatosha kabisa. Pua inakuwa kubwa kwa sababu upo karibu mno, pua ipo karibu na lenzi kuliko masikio kwa hiyo inavimba. Rudi nyuma kama mita mbili hivi halafu vuta zumu mpaka kama 3x, uso utakaa vile tunavyoujua. Ile zumu ya dijitali izime kwenye setingi, inakata picha tu na kuiharibu. Kuhusu weusi, kamera inapima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani, sasa ikiona chokaa kibao inadhani mwanga umezidi inapunguza, anayeumia ni bibi. Tafuta alama ya +/- (ya kuongeza au kupunguza mwanga wa picha) weka +0.7 au +1. Ukuta ukiungua kidogo, yaani ukawa mweupe mtupu, uache uungue, tunamtaka bibi.

Dada Lenzi: Naongezea, hiyo saa saba ndo mbaya kuliko zote, jua lipo utosini linatupa kivuli kwenye macho hata ungekuwa na kamera ya milioni ngapi. Mtoe barazani, mweke kiti ndani ya mlango, hatua moja tu kutoka kizingiti, aangalie nje, wewe simama uani. Mwanga wa nje unamjia laini usoni na ukitazama vizuri utaona kidoa cheupe ndani ya mboni, hicho ndo kinafanya macho yaonekane yana uhai. Nyuma yake chumba kitakuwa giza, kwa hiyo hapo rudisha +/- kwenye sifuri, pengine hata -0.3, maana kamera ikiona giza inaongeza mwanga na ngozi inapauka. Bonyeza shata (kitufe cha kupigia picha) nusu ukilenga jicho, kamera ikishashika fokasi ndo umalizie.

mtoto_wa_Pangani: Asanteni sana. Na flashi je niwashe?

fundi_studio: Ukilazimika kupiga juani washa, inajaza vile vivuli vya macho. Ila usizidi mita mbili tatu, haifiki mbali.

Dada Lenzi: Mlangoni mimi nasema izime kabisa. Wazee wetu wakishapaka mafuta ya nazi flashi inaacha mng'ao kwenye paji la uso, mpe leso ajifute taratibu kwanza. Mpigishe stori za zamani huku unapiga, usimwambie cheka. Na kwa fremu ya inchi 8 kwa 10 megapikseli 7 na kitu zinatosha, wewe unazo za kumwaga, ila picha usiitume studio kwa WhatsApp inaipunguza, peleka memori kadi yenyewe.