Diski imetokeza L5/S1: je, tabibu wa kairopraktiki anaweza kuirudisha?

Mwalimu_wa_Zamu

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, simu iko sakafuni, maana ndiyo namna pekee ninayoweza kukaa dakika kumi bila mguu kuniwaka.

Mimi ni mwalimu, nina miaka 41. Hii ni wiki ya sita. Mgongo ulikaza asubuhi moja nilipoinama kubeba rundo la madaftari, nikadhani ni msuli. Siku ya tatu maumivu yakateremka: tako la kulia, nyuma ya paja, shavu la mguu, hadi ukingo wa nje wa wayo. Nikipiga chafya ni kama nimeshikishwa waya wa umeme. Kidole kidogo cha mguu kina ganzi. La ajabu ni kwamba mgongo wenyewe siku hizi hauumi sana, kinachonitesa ni mguu.

Nimepigwa MRI. Ripoti inasema diski kati ya pingili L5 na S1, yaani chini kabisa ya kiuno, imetokeza nyuma upande wa kulia na inagusa mzizi wa neva, na kwamba ile ya juu yake, L4/L5, imechakaa. Daktari alisema hakuna haraka ya upasuaji, akanipa dawa za maumivu, akaniambia nitembeetembee. Sasa shemeji yangu ananihimiza niende kwa tabibu wa kairopraktiki, wale wanaotibu mgongo kwa kusukuma pingili kwa mikono. Anasema nitabanwa mara moja, nitasikia "ka!", diski itarudi mahali pake na nitatoka natembea. Mke wangu hataki hata kusikia, anasema nitapooza. Mimi nimebaki katikati na sijalala vizuri tangu wiki iliyopita.

Aliyepitia hili anieleze ukweli. Hiyo diski hurudishwa kweli? Na ni kitu gani hasa wanakufanyia huko?

---

Baharia77

Pole mkuu. Mgongo hauchezewi. Usikubali mtu yeyote aushike, lala tu kitandani mpaka upone.

---

Mama_Cherehani

Mwalimu, pole sana. Nimesoma hiyo ya kulala kifudifudi na simu sakafuni nikajiona mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, na miaka mitatu iliyopita diski hiyohiyo ya L5/S1 ilinilaza, ila mimi ilikuwa upande wa kushoto. Nilikuwa nakula nimesimama, nimeegemea kabati. Nilikwenda kwa tabibu wa kairopraktiki mara 11 ndani ya wiki 8, na leo nashona kutwa. Kwa hiyo sina nia ya kumpinga shemeji yako. Ila hilo la diski kurudi si kweli, na ukienda na tumaini hilo utavunjika moyo, au utampata mtu wa kukulazimishia mgongo mpaka hiyo "ka!" isikike.

Diski si kisahani kigumu kinachochomoka. Ni pete ya nyuzi imara, tabaka juu ya tabaka, iliyoshikamana barabara na pingili ya juu yake na ya chini yake, na katikati ina kiini laini mfano wa ute mzito. Tunazo 23 tangu shingoni hadi kiunoni. Pete ikichanika, mara nyingi ni nyuma kwa pembeni, kiini kinapenya, na hapohapo ndipo mzizi wa neva unapopita. Ndiyo maana mgongo umenyamaza na mguu unalia. Neva inayoumizwa kiunoni ndiyo inayohudumia wayo, basi ubongo unasikia maumivu kana kwamba yako kule chini. Tena si kubanwa tu, ute wenyewe una kemikali zinazoichokoza neva ikavimba. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kupita ngozi, misuli na mfupa ukausukuma ute ule urudi ulikotoka. Na ule mlio ni gesi inayojitenga ghafla katika majimaji ya viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili, sawa na unapoalisha vidole.

Kilichonipa nguvu ni jambo aliloniambia yule tabibu: mwili wenyewe huumeng'enya ule ute. Tangu utotoni umefungiwa ndani ya pete, mbali na damu, kwa hiyo ukitoka nje seli za ulinzi zinauona kama mgeni na kuanza kuumega. Kipande kikubwa kilichotoka kabisa ndicho hunywea zaidi kuliko kivimbe kidogo. Mimi nilikuwa nimelia juu ya ile picha kwa sababu ya ukubwa wake, kumbe nilikuwa nalilia kisichostahili.

Sasa alinifanya nini. Siku ya kwanza, karibu dakika arobaini, hakunisukuma popote. Alinilaza chali akauinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu ya njia, umeme ukapita mpaka kisiginoni. Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akaniambia nisimame kwa mguu mmoja, nishike ukuta, niinue kisigino na kukishusha mara nyingi niwezavyo: kulia nilifika 15, kushoto 4. Akagonga kano ya kisigino kwa nyundo ndogo. Kulia wayo uliruka, kushoto kimya. Alipitisha pamba kwenye ngozi akachora penye ganzi. Akauliza kuhusu haja ndogo, saratani katika ukoo, homa, dawa ninazotumia. Kila kitu aliandika, na namba zile za visigino ndizo tulizozifuata hadi mwisho.

Kisha akasema hatanipindua kiuno kwa nguvu maadamu ile kano haiitiki. Badala yake alinilaza kifudifudi kwenye kitanda kilichokatika katikati. Nusu ya miguu ilikuwa inashuka polepole na kupanda, huku kiganja chake kikiwa kimetulia juu kidogo ya pale penye diski. Ni mvuto mdogo, wa mahadhi, unarudiwarudiwa, na hakuna "ka!" hata moja. Mara ya kwanza nilishuka kitandani nikajiambia mbona hakuna kilichofanyika. Usiku ule nililala saa nne mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelipata kwa mwezi mzima. Baadaye, maumivu ya mguu yalipopungua, ndipo alipoanza kulegeza viungo vya mgongo wa juu na nyonga kwa ile misukumo mifupi ya haraka inayojulikana.

Nyumbani kazi ilikuwa yangu. Kulala kifudifudi kama ulivyo sasa, kisha kujiinua kwa viwiko, kisha kwa mikono, mara kumi kila baada ya saa mbili. Lakini sikiliza sana hapa, maana hili watu wengi hulikosea: yatazame maumivu yanakwenda wapi. Yakitoka wayoni yakapanda kwenye paja, kisha kwenye tako, hata kama mgongo wenyewe unauma zaidi, huko ndiko kupona. Yakishuka chini zaidi kuliko yalivyokuwa, acha zoezi hilo siku hiyohiyo umwambie tabibu, kwa sababu si kila diski hupenda upande huo. Na kazini, kila uzi wa bobini ukiisha nasimama natembea hadi mlangoni na kurudi. Wewe darasani una bahati ya kusimama, kinachokuumiza bila shaka ni kusahihisha umeinama.

Je, aliniponya yeye au ni muda? Nimejiuliza sana. Ninavyoamini, diski iliponywa na mwili. Yeye alinipunguzia maumivu nikaweza kutembea na kulala wakati mwili unafanya kazi yake, akanipimia kila wiki nikaona ninaelekea wapi. Kwangu hilo lilikuwa kubwa.

---

Fizio_Taratibu

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi na wagonjwa wa mgongo kila siku. Mama Cherehani ameeleza vizuri kuliko wengi wetu. Naongeza machache.

Baharia, ushauri wa kulala mpaka upone tuliuacha zamani. Siku moja mbili za kupumzika sawa, zaidi ya hapo misuli inadhoofu na maumivu yanadumu.

Mwalimu, kuna dalili ambazo ukiziona huji kwangu wala huendi kwa kairopraktiki, unakwenda hospitali ya dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane: ganzi kwenye msamba na sehemu za siri, yaani pale panapogusa tandiko la baiskeli, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kuhisi, haja kubwa kukuponyoka, miguu yote miwili kulegea. Hapo fungu zima la neva la chini ya uti limebanwa na kila saa ina thamani. Ni nadra, lakini nimeona mtu aliyesubiri "miadi ya Jumatatu" akabaki na mpira wa mkojo.

Vilevile, mwenye mifupa dhaifu, aliyewahi kuugua saratani, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye mguu wake unazidi kuishiwa nguvu wiki hadi wiki, asikubali misukumo ya haraka mgongoni kabla daktari hajamwona.

Kuhusu ushahidi: upo, ila ni wa kiasi. Mwaka 2006 watafiti wa Italia walichapisha jaribio la watu 102 wenye maumivu makali mapya ya mgongo na sayatika (maumivu ya neva yanayoshuka mguuni) yaliyotokana na diski. Waliopata tiba halisi ya mikono, 55% waliondokewa na maumivu ya mguu, dhidi ya 20% ya waliofanyiwa ya kuigiza. Ni habari njema, lakini ni jaribio dogo moja. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu maumivu ya mgongo unakubali tiba ya mikono kwa sharti kwamba iambatane na mazoezi, isisimame peke yake. Nami naona hivyo.

Na chagua mtu. D. D. Palmer aliyeanzisha fani hii Marekani mwaka 1895 aliamini karibu magonjwa yote yanatokana na pingili kukaa vibaya. Wengi wameachana na imani hiyo, wachache bado wanayo. Ukikutana na anayetaka kutibu presha au kisukari kupitia mgongo, au anayekudai ulipie ziara arobaini kabla hajakupima, aga uondoke.

---

Nilikatwa_L4

Naomba niseme kwa niaba ya ambao haikuwa hivyo. Yangu ilikuwa L4/L5. Nilijaribu mikono, kitanda cha kuvuta, mazoezi, kila kitu kwa miezi mitano. Tabibu wangu wa kairopraktiki ndiye aliyegundua kwamba kidole gumba hakiinuki na wayo umeanza kuburura. Alikataa kuendelea, akaandika barua, nikapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Walitoa kipande kupitia mkato mdogo, maumivu ya mguu yaliisha siku hiyohiyo, nguvu ya wayo ikachukua karibu mwaka kurudi. Namheshimu yule mtu kwa kukataa kunigusa kuliko ambavyo ningemheshimu kwa lingine lolote.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Nimesoma yote mara mbili, na nimempa mke wangu asome. Ahsanteni kutoka moyoni.

Nimejipima kile kisigino sasa hivi nimeshika ukuta. Kushoto nimefika 20 nikaacha mwenyewe. Kulia ni 6, ya saba ilikataa kabisa. Kwa kweli nimeogopa, sikujua. Mkojo uko sawa, msamba hauna ganzi. Na hiyo L4/L5 iliyochakaa, je? Hilo neno linanikosesha usingizi kuliko hata ile iliyotokeza.

---

Fizio_Taratibu

Neno "imechakaa" lina sauti mbaya kuliko maana yake. Mwaka 1994 kulichapishwa utafiti wa picha za MRI za kiuno kwa watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo hata kidogo. Asilimia 36 tu ndio waliokuwa na diski safi zote. Zaidi ya nusu walikuwa na walau diski moja iliyotuna, na wote walikuwa wanaendelea na maisha yao. Ukiwa na miaka 41, diski isiyo na alama yoyote ndiyo ingenishangaza. Dalili zako zote zinaelekeza neva ya S1, ile inayoguswa na diski iliyotokeza: ukingo wa wayo, kidole kidogo, kisigino. Hiyo nyingine iache ipumzike.

Lakini hiyo 6 kwa 20 mpigie daktari wako kesho, umtajie hizo namba. Si dharura ya usiku huu, ila ni udhaifu, naye anapaswa kuujua kabla hujapanda kitanda cha mtu yeyote.

---

Mama_Cherehani

Mwalimu, usiogope hiyo 6. Mimi nilianza na 4. Iandike pamoja na tarehe ya leo, mahali mke wako pia atapaona. Daktari akikuruhusu, piga simu kwa huyo tabibu na umuulize kitu kimoja kabla ya kupanga miadi: siku ya kwanza unanipima nini? Akikujibu kwa nyundo, pamba na visigino, nenda. Akikujibu kwamba atakurudisha diski, tafuta mwingine.

Kisha jipime tena kila baada ya siku tatu, ukuta uleule, asubuhi. Yangu ilikwenda 4, 4, 5, 7, ikakaa kwenye 7 wiki mbili nzima nikakata tamaa, halafu 11. Yako ikishuka hadi 4 au 3, usingoje siku ya miadi.