Damu ikishashuka miguuni, inapandaje tena?

Karani wa Mizani (Newala)

Wakuu, habari za jioni. Msimu huu wa korosho nimeshika mizani kwenye ghala la chama chetu cha msingi. Kazi yenyewe ni kusimama: gunia linapanda, nasoma uzito, naandika, linashuka, linakuja jingine. Jua linazama sijakaa. Jioni nikivua viatu, soksi imeacha pete na kamba zimejichora mguuni. Nikibonyeza juu ya kifundo panabaki shimo. Asubuhi miguu imerudi kama kawaida, naingia tena ghalani.

Siulizii dawa. Binti yangu yuko darasa la sita, wamefika mzunguko wa damu, ameniuliza jambo nikabaki namtazama. Moyo unasukuma damu, sawa. Inashuka miguuni, sawa, kitu cha majimaji lazima kiteremke. Kupanda je? Sisi huku juu Makonde tunajua maji ya bondeni hayapandi mpaka mashine ivume. Mguuni mashine iko wapi? Au ndiyo hiyo inayogoma jioni ninapovimba? Natanguliza shukrani.

Mwana wa Kilwa

Kaka, hiyo ni damu chafu imelala miguuni. Tafuta fundi akuumike chuku nyuma ya magoti, itoke ile nyeusi, utajisikia mwepesi. Wazee wetu wa baharini walikuwa hawaendi hospitali kwa mambo haya.

Bi Nesi Mstaafu (Mikindani)

Mwanangu karani, mpe pongezi huyo binti. Nimekaa wodini mpaka nimestaafu na swali hilo waliniuliza wachache, tena wengi wao watu wazima.

Tuanze na maji yako ya Newala, maana hapo ndipo ulipojifunga mwenyewe. Maji yakifika juu mnayachota, yanaingia ndooni, basi. Damu haichotwi. Inapita ndani ya bomba lililofungwa mwanzo mpaka mwisho, na uzito wa ile inayoshuka unalingana na uzito wa ile inayopanda. Kwa hiyo moyo haunyanyui damu kutoka kwenye vidole vya miguu kama unavyodhani. Kazi yake ni kuisukuma izunguke. Taabu inatoka kwingine: bomba la kurudia ni laini.

Ukimwaga damu yote ya mtu mzima kwenye ndoo (Mungu apishe mbali) utapata lita 5 hivi. Karibu theluthi mbili yake muda wote iko kwenye vena, yaani mishipa inayoirudisha moyoni. Ateri, zile zinazotoka moyoni, zina ukuta mnene wenye misuli, ukizishika unahisi zinadunda. Vena ni nyembamba ukutani, zinatanuka ukizijaza. Ukisimama wima bila kutikisika, damu inazidi kujaa kwenye vena za chini na shinikizo kifundoni linafika milimita 90 za zebaki (kipimo kile kile cha presha), wakati kwenye vena ya mkono wa mtu aliyelala hupati hata 15. Anza kutembea, ile 90 inashuka chini ya 30 baada ya hatua chache tu. Moyo haujabadilika sana hapo. Kilichobadilika ni shavu la mguu.

Ndiyo mashine aliyoiulizia bintiyo. Vena kubwa za mguu zimepita katikati ya nyama ya shavu, na nyama hiyo imefungwa na utando mgumu usiotanuka. Kila ukikanyaga, nyama inakaza, vena inabinywa, damu inaruka. Iruke wapi? Juu tu, kwa sababu ndani ya vena kuna vali, vijilango viwili viwili vinavyofunguka kwa kwenda moyoni na kujifunga damu ikitaka kurudi. Ukilegeza mguu, vena inavuta damu nyingine kutoka chini. Na kila unapovuta pumzi, kile kiwambo kati ya kifua na tumbo kinashuka, tumbo linabana, kifua kinafunguka, damu ya tumboni inapata njia. Ndiyo maana nasema unavimba kwa kusimama, si kwa kazi. Vijana wanaobeba hayo magunia kutwa nzima, waulize kama wanavimba kama wewe.

Sasa mfanyie mtoto jaribio hili, usimweleze kwa maneno tu. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya mgongo wa kiganja isimame. Tafuta mmoja ulionyooka wenye kijifundo, hapo ndipo penye vali. Bonyeza kwa kidole upande wa vidole, chini ya kijifundo, usiachie. Kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kifundo cha mkono mpaka upite kile kijifundo, halafu kiinue hicho kidole cha pili. Utaona kipande cha mshipa kimebaki bapa, hakuna kitu, na juu ya kijifundo damu imejaa inangoja. Hairudi. Inua kidole cha kwanza: mshipa unajaa papo hapo, kutoka chini. Ukiwa na ngozi ya mafuta mafuta kama yangu paka maji kidogo, utaona vizuri kwenye mwanga wa dirisha.

Ndugu wa Kilwa, damu ya vena ni nyeusi nyekundu kwa sababu oksijeni ameshaachiwa mwenye nyumba, siyo kwa sababu ya uchafu. Dakika hiyo hiyo ikipita mapafuni inatoka nyekundu ya kung'aa. Ukimchana mtu umtoe hiyo, umemtoa damu nzima nzima yenye chembe ambazo kila moja ilikuwa na siku 120 za kutumika. Chuku siigombi na wazee, ila kwa uvimbe wa kusimama haitakufaa.

Mwana wa Kilwa

Shikamoo mama. Hapo kwenye vali nimekuelewa, nimejaribu hapa hapa na simu mkononi, kweli inabaki bapa. Ila hilo shimo la kidole analosema, damu ingekuwa kwenye mshipa lisingebaki shimo. Kile ni nini?

Bi Nesi Mstaafu

Marahaba. Umeuliza vizuri, hicho si damu.

Kati ya ateri na vena kuna kapilari, vimishipa vyembamba mpaka chembe nyekundu zinapita moja moja kwa kujikunja. Ukuta wake unavuja kwa makusudi, maana hapo ndipo chakula na oksijeni vinatoka kwenda kwenye nyama. Maji yanatoka pia. Mengi yanarudi, lakini si yote: lita mbili, tatu kwa siku zinabaki nje. Vena zikijaa kama za karani jioni, yanatoka zaidi kuliko yanayochukuliwa. Hayo ndiyo unayoyabonyeza.

Ya kuyarudisha ni mishipa mingine, ya limfu. Haina moyo wake. Inategemea kukazana kwake yenyewe na hiyo hiyo misuli, ina vali pia, inapitia kwenye matezi, yale tunayoyaita mitoki yakivimba kinenani, halafu inamwaga kwenye vena kubwa chini ya shingo. Watu wa pwani yetu hatuna haja ya kuhadithiwa mishipa hiyo ikiharibika inakuwaje. Matende na mabusha ni hayo. Minyoo midogo inayoletwa na mbu inafanya makazi ndani ya mishipa ya limfu, inaitanua na kuziharibu vali, maji yanakosa njia, na mwaka baada ya mwaka mguu unakuwa mzito na ngozi inakuwa ngumu. Vitoto vya minyoo hiyo mchana vinajificha kwenye mapafu, usiku vinatoka kwenye damu ya ngozini, saa ambazo mbu nao wanauma. Ndiyo maana tulikuwa tunakwenda vijijini kupima kuanzia saa nne usiku, na taa na vioo vya maabara. Watoto walitukimbia wakipiga kelele za mumiani! Ukienda kutoboa watu vidole usiku wa manane, utawalaumu?

Zile dawa za kumeza zinazogawiwa palipo na ugonjwa huo, albendazole na ivermectin, zinaua vitoto hivyo visisambae. Mguu uliokwisha kuwa tende haurudi kwa kidonge, unahitaji kuoshwa, kukaushwa na kuinuliwa kila siku.

Mwalimu wa Sayansi (Lindi)

Naongeza kidogo, samahani kwa kudandia. Jaribio la Bi Nesi lina umri: William Harvey, tabibu wa Uingereza, alilichora kwenye kitabu chake cha mwaka 1628, akifunga mkono kitambaa juu ya kiwiko. Vali zenyewe zilikuwa zimeshaonekana, mwalimu wake Fabricius wa Padua, Italia, alizieleza, lakini akadhani kazi yake ni kupunguza kasi damu isijazane miguuni. Harvey ndiye aliyesema hapana, ni njia ya kwenda upande mmoja. Tena alipiga hesabu: kiasi moyo unachotoa kwa kila pigo, mara mapigo ya nusu saa, kikazidi damu yote iliyomo mwilini. Chakula gani kingetengeneza damu yote hiyo? Lazima ni ile ile inazunguka.

Kapilari hakuziona. Alifariki 1657, na Malpighi, tabibu wa Italia, akaziona kwa hadubini kwenye mapafu ya chura mwaka 1661. Na njia ya moyo kwenda mapafuni na kurudi ilikuwa imeshaandikwa na Ibn al-Nafis, tabibu wa Kairo, karne ya 13. Nawaambia wanafunzi hivyo kila mwaka na kila mwaka wanashangaa.

Karani wa Mizani

Nimesoma yote, ahsanteni. Mama, swali la mwisho: lita 5 mwilini, na nimeona mahali kwamba moyo unatoa lita 5 kwa dakika. Kwa hiyo damu yote imezunguka dakika moja?

Bi Nesi Mstaafu

Kwa wastani, ukiwa umetulia, ndiyo. Lakini hazitembei pamoja. Inayolisha misuli ya moyo wenyewe inarudi upesi, iliyokwenda kwenye vidole vya miguu inachelewa. Hao wapagazi wako wakiwa na gunia begani moyo unatoa mara kadhaa ya hizo, na hapo ndipo shavu la mguu linapostahili mshahara wake, kwani moyo hauwezi kutoa ambacho hakijaurudia.

Wewe pale mizanini inuka kwa vidole, shuka, inuka, gunia moja hadi jingine. Ukipata nafasi zunguka ghala. Usiku weka mto chini ya visigino. Ila nisikilize: mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa na moto na maumivu, hiyo huenda ni damu imeganda ndani, usingoje asubuhi. Na uvimbe ukianza kubaki mpaka asubuhi, au pumzi ikakupungukia ukilala chali, nenda upimwe moyo na figo.

Muuza Nyama (Newala)

Karani, mimi niko soko hili hili. Bintiyo mlete aone moyo wa mbuzi, nitaupasua mbele yake. Upande wa kulia, unaopeleka mapafuni hapo karibu, ukuta wake ni mwembamba, unakunjika kwa vidole viwili. Wa kushoto ni mnene mara mbili au tatu yake, kisu kinasikia. Ndani ataona vikamba vyeupe vinavyozishika vali zisipinduke. Na ule mshipa mkubwa wa kutokea ukiukata unabaki wazi kama mpira wa maji, vena iliyo pembeni yake inalala kama kitambaa.

Karani wa Mizani

Ahsante anko. Jumamosi saa nne?

Muuza Nyama (Newala)

Saa nne mioyo imeshaingia kwenye supu. Mje saa moja.