Mbegu za dume zinakwenda vizuri, mbona ng'ombe hawashiki mimba?

Mfugaji wa Konde
Assalamu alaykum ndugu zangu wafugaji. Sisi ni majirani wanne hapa Konde, Pemba, tunaotumia dume mmoja chotara ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kututia aibu. Tangu mwishoni mwa Februari amepanda ng'ombe watano, na sasa Aprili inamalizika bila hata mmoja kushika mimba. Bwana mifugo alichukua shahawa, akazitazama kwa hadubini na akaniita nami nichungulie: mbegu zilikuwa zikikimbia kama dagaa waliozingirwa na juya. Mwanangu aliyeko chuoni Unguja anasema huenda kasoro ni ya epijenetiki, isiyoonekana kwa macho. Wenzangu wanataka dume achinjwe. Naomba maelezo kabla kisu hakijanolewa.

Mhimilishaji, Dole
Wa alaykumu ssalaam. Mwanao hakusema upuuzi. Hadubini inaonesha mwendo na umbo tu, ilhali mbegu inayoogelea vizuri inaweza kulifikia yai, hata ikalirutubisha, kisha kiinitete kikafa baada ya siku chache. Epijenetiki haibadilishi maandishi ya vinasaba. Ni alama zinazowekwa juu yake, zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Inayojulikana zaidi ni methili, kijikundi cha kemikali kinachobandikwa kwenye DNA. Kuna na ufungaji wenyewe wa DNA: mbegu inapoundwa, sehemu kubwa ya protini za histoni huondolewa na mahali pake huingia protamini, ambazo huikaza DNA hata ikaenea katika kichwa kidogo mno, na kazi hiyo ikifanyika kwa ulegevu, DNA hubaki wazi kwa madhara. Watafiti, wakiwemo wa Ufaransa, wamewalinganisha madume wanaoshikisha sana na wanaoshikisha kidogo, na wakakuta tofauti za methili katika sehemu kadhaa za DNA. Hicho ni kipimo cha maabara kubwa, usikisubiri bandani.

Litakalokufaa ni hesabu ya siku. Mbegu ya dume huchukua takriban siku 61 kuundwa ndani ya korodani, kisha siku kumi hivi nyingine za kukomaa kabla ya kutoka, kwa hivyo ulichokiona kwenye hadubini kilianza zaidi ya miezi miwili nyuma. Korodani nazo hutaka ubaridi wa nyuzi 4 hivi chini ya joto la mwili, ambalo kwa ng'ombe ni kama nyuzi 38.5. Je, dume aliugua homa, au alishinda chini ya bati wakati wa kaskazi?

Mzee wa Bambi
Maelezo ya mwenzangu nimeyapenda, lakini mimi ningeanza na lililo karibu zaidi. Dume wa shirika hubeba maradhi ya zizi moja hadi jengine. Trikomonasi na kampilobakta huenea kwa kupandana, dume mwenyewe haonyeshi dalili yoyote, na mbegu zake hukimbia vilevile. Fungua daftari lako: ng'ombe aliyerudi joto, yaani kutaka dume tena, siku ya 21 baada ya kupandwa hakushika, au mimba ilikufa mapema mno; aliyerudi siku ya 35 au 40, yaelekea alishika kisha ikaharibika. Usipokuwa na daftari, sote hapa tunapiga ramli.

Mfugaji wa Konde
Daftari ninalo. Watatu walirudi kati ya siku ya 20 na 23, mmoja siku ya 38, na wa tano hatukumwandika, kosa letu. Ama homa, kweli: wiki ya kwanza ya Februari dume alishikwa na ndigana, yale maradhi ya kupe, akalala siku tatu bila kugusa majani wala machicha, na banda lake ni la bati la chini, mchana mkono hauwekeki.

Mhimilishaji, Dole
Basi homa na bati vinatosha kuharibu mbegu nyingi zilizokuwa zikiundwa wakati ule, na ukihesabu siku 70 za kuundwa na kukomaa unafika katikati ya Aprili. Hata hivyo yule wa siku ya 38 hanipi usingizi, kwa sababu mbegu iliyoungua inaweza kuleta hali hiyo, na maradhi aliyoyataja Mzee pia. Msimchinje, wala msimpandishe. Mwambieni bwana mifugo achukue maji ya kusafishia govi la dume yapelekwe kupimwa, na arudie baada ya wiki, maana mara moja haitoshi. Akitoka salama, mjaribuni kwa ng'ombe wawili ambao hawakuwahi kupandwa naye tangu Februari, na mwandike tarehe. Wanaohitaji mimba sasa wahimilishwe kwa mrija, yaani watiwe mbegu bila kupandwa: aliyeonekana joto asubuhi, jioni yake.

Mfugaji wa Konde
Wenzangu wamekubali, mmoja kwa kununa. Bwana mifugo atakuja Jumatatu. Makuti yamekwisha kusukwa ya kufunika bati, na dume kwa sasa amefungwa chini ya mwembe.