Gari limetoka gereji ukingo wa chini umekunjwa na fenda imeharibika rangi: niwaachie wapake wenyewe?

Mdau_Barabarani
Wakuu, naomba ushauri. Gari liliingia gereji kubadilishwa pedi za breki na kutolewa upepo kwenye mfumo wa breki. Limetoka na mambo mawili ambayo hayakuwepo: ukingo wa chini ya mlango wa mbele kushoto umelala na rangi imemeguka, na juu ya fenda ya upande huohuo kuna michirizi, rangi imekunjamana. Mwenye gereji anasema ukingo ulikuwa hivyo tangu zamani, ila fenda atanipakia bure kesho. Nikubali? Na la ukingo nalithibitishaje?

NyundoNaMsasa
Mkuu, kesho ni mapema mno. Anza na ushahidi, na usioshe ule ukingo kabla ya kupiga picha. Inama utazame pale rangi ilipomeguka. Ukikuta chuma kinang'aa, kingo za rangi ni kali na vipande vidogo bado vinaning'inia, hilo ni jeraha bichi. La zamani huwa na kutu ya kahawia na vumbi lililoganda kwenye nyufa. Piga picha leo, kwa sababu chuma kitupu kwenye unyevu hushika kutu ndani ya siku chache na tofauti hiyo inapotea. Picha ya kwanza ionyeshe namba ya gari, ya pili iwe ya karibu na rula pembeni, ya tatu ulaze tochi ubavuni ili mbonyeo utoe kivuli.

Ukingo ule ni mabati yaliyochomelewa pamoja, na hubeba uzito pale tu mtengenezaji alipoweka alama za jeki. Jeki ya magurudumu yenye kichwa cha chuma ikiwekwa nje ya alama hizo, bila kipande cha mpira chenye mfereji, bati hulala. Mara nyingi meno ya kichwa hubaki yamejichapa. Pima nafasi kati ya meno hayo, kisha ulinganishe na jeki yao. Alama zikilingana, hoja ya "ulikuwa hivyo" inakuwa dhaifu sana.

Pia tafuta karatasi ya kupokelea gari. Kama hawakuandika kasoro hiyo siku ya kulipokea, waulize kwa maandishi kwa nini.

Rangi_na_Praima
Michirizi ya fenda karibu hakika ni mafuta ya breki. Aina zake za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hulainisha rangi na kuiinua. Yakidondoka, dawa ni maji mengi papo hapo, kwani yanachanganyika na maji. Kufuta kwa kitambaa kikavu kunayasambaza. Rangi ikishakunjamana, polishi haisaidii tena.

Sasa kwa nini "kupakia bure" kunanitia wasiwasi: wengi watapuliza juu ya rangi iliyokwisha kuoza, na itabanduka. Kazi sahihi ni kuosha kwa maji na sabuni, kufuta kwa dawa ya kuondoa mafuta KABLA ya msasa (msasa ukitangulia unasukuma uchafu ndani), kisha kukwangua mpaka tabaka ambalo halijaharibika, au chuma kitupu ikibidi. Halafu praima (rangi ya msingi), msasa wa maji namba 600 hadi 800, rangi, na laka (tabaka la juu lisilo na rangi). Kama rangi ni ya metaliki (yenye chembe zinazometameta), fenda nzima ipigwe laka na rangi ififishwe kuelekea mlangoni, la sivyo utaona fenda ya rangi nyingine kila jua likipiga. Wapulize kwanza kwenye kadi na kuilinganisha na gari nje, juani. Namba ya rangi peke yake haitoshi kwa gari lililokwisha fifia.

Mdau_Barabarani
Asanteni. Amebadili kauli, anasema na ukingo atauziba kwa pati (ule mchanganyiko wa kujazia mibonyeo). Inafaa?

NyundoNaMsasa
Hapana! Pati hapo itapasuka jeki ikigusa tena, na maji yataingia nyuma yake. Bati linyooshwe kwa koleo la kubana lenye midomo bapa, likirudishwa polepole, kisha nyundo na chuma cha kuegemezea. Baada ya hapo msasa hadi chuma, praima ya epoksi, gundi ya kuziba maungio, rangi, na nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani kupitia matundu. Matundu ya kutolea maji yasizibwe. Kama chomeleo zimeachana na lazima kuchomelea upya, betri ichomolewe kwanza. Kwenye magari mengi vihisi vya mifuko ya hewa viko karibu na hapo.

Karani_wa_Madai
Mimi nasema usimnyime kabisa nafasi ya kurekebisha. Mahali pengi msuluhishi atakuuliza kwanza kama ulimpa fundi fursa ya kurekebisha. Mpe, lakini kwa barua: taja kasoro zote mbili, ambatisha picha, eleza kazi unayotaka kama wadau walivyoiandika hapo juu, na weka muda wa mwisho, tuseme ndani ya siku 14. Chukua makadirio mawili kutoka kwa mafundi wengine wa bodi, na uulize kama gereji ina bima ya magari ya wateja. Kama wanakataa kutoa gari hadi ulipie breki, lipa, ila andika kwenye ankara na kwenye nakala yako: "Nimelipia breki, uharibifu wa ukingo na fenda haujamalizwa." Usisaini popote panaposema umepokea gari likiwa katika hali nzuri.