Tupeane uzoefu: uliyelazwa wodi ya mifupa, kichwa kilikuwaje?

Mleta mada (Kisumu): Wadau, poleni na kazi. Mdogo wangu ni wa boda. Aligongwa upande wa Mamboleo, paja likavunjika. Ametiwa chuma, picha ni safi, daktari karidhika. Lakini usiku halali, simu za marafiki hapokei, na honi ya matatu ikilia jasho linamtoka. Waliopitia haya, nyinyi mlifanyaje? Tafadhali asiambiwe "shukuru Mungu uko hai". Kila mgeni amemwambia hivyo, na siku hizi akisikia hodi anageukia ukutani.

Mama Mitumba, Kibuye: Pole baba. Mimi nyonga ilivunjika. Maumivu niliyazoea, kilichonimaliza ni beseni. Kijana wangu wa sekondari ndiye aliyenishikia nikienda haja, mama yake mzazi! Nikaanza kukataa uji, nikakataa maji, ili haja isije. Watu wakadhani sina hamu ya kula. Sista wa zamu ya usiku ndiye aliyeshtuka alipoona chupa ya maji iko vilevile tangu asubuhi. Hakunihubiria. Alivuta pazia, akamtuma kijana nje, akaniuliza polepole, "Mama, ni aibu?" Nililia mpaka shuka ikalowa. Kesho yake dada yangu alichukua zamu ya beseni, nikaanza kula. Kwa hiyo chunguza anayemhudumia mdogo wako ni nani, na yeye mwenyewe angemtaka nani.

Kaka wa Ahero: Chunga pombe. Akianza kuitisha chang'aa "kidogo tu nilale", usimpe. Sigara pia, inachelewesha mfupa kuunga.

Mguu Mmoja, Luanda: Mimi nilikatwa chini ya goti. Vidole ambavyo havipo vinawasha na kuchoma, hasa usiku. Nilinyamaza, maana nyumbani kwetu ungesema hivyo ungeletewa waombezi, tena na ngoma. Kliniki nimepewa amitriptilini. Jirani anasema hiyo ni dawa ya watu wenye huzuni. Sasa daktari ananiona nina wazimu?

Ofisa Kliniki, Nakuru: Hapana ndugu yangu. Ni kweli dawa hiyo hutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, lakini kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva. Mguu umeondoka, ubongo bado una ramani yake. Italeta usingizi na kukausha mdomo. Usiiache ghafla bila kumwambia aliyekuandikia.

Mleta mada, ndoto za ajali, kushtuka na kuogopa barabara ni kawaida siku za mwanzo. Zikipita mwezi, hiyo inahitaji matibabu. Huzuni na kutojali chochote zikidumu wiki 2, aonwe pia. Yapo maswali 9 mafupi tunayouliza, ya usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai na kadhalika. Wodi ikiwa imejaa huwa hatuyaulizi, tunaangalia picha na kidonda tu, kwa hiyo yalete wewe. Na muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumpandikizii wazo. Wala msimfiche kwa kuogopa polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu (Penal Code), kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Usiku mkizidiwa, 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure.

Steji ya Kondele: Huyo kijana muulizeni habari ya pikipiki. Mimi yangu ilikuwa ya mkopo, mguu uko juu umefungwa na huku deni linasoma kila siku. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Wenzangu walienda kuongea na wenye mkopo, kisha wakanipa daftari la michango ya steji niandike nikiwa kitandani. Kazi yenyewe ndogo, lakini walikuwa lazima waje kwangu kila jioni na hawakuja kunionea huruma, walikuja kubishana hesabu.

Mleta mada: Asanteni. Nimemuuliza habari ya pikipiki. Kumbe anayemdai amekuwa akimpigia, ndiyo maana simu hapokei. Amekubali kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, ila mama asijue kwanza. Swali moja: mlionwa siku ileile ya kliniki ya mifupa, ama mlirudi siku nyingine? Teksi kutoka kwetu ni ghali, na boda hataki hata kuiona.