Ushauri: nataka kufunga kamera nje ya Cessna 206 tuzunguke Meru, nianzie wapi?

Mpigapicha_Njiro
Wakuu habari za jioni. Nafanya video za utalii hapa Arusha. Kuna mteja anataka picha zinazoonyesha bawa na Mlima Meru kwa pamoja, kisha tusogee hadi Kilimanjaro. Rubani ninayefahamiana naye pale Kisongo anarusha Cessna 206 na amekubali. Nina GoPro mbili na kishikio cha mpira kinachonyonya kioo. Kwenye gari nakitumia barabara ya Karatu na hakijawahi kuachia. Nikikibandika chini ya bawa kitahimili? Kuna kibali kinachotakiwa? Rubani anasema tujaribu tu, ila mimi roho inasita.

Fundi_Hanga
Mkuu, roho yako iko sahihi, isikilize.

Watu wengi wanaogopa upepo. Kwa mwendo wa kilomita 260 kwa saa, kamera ndogo inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo moja, na hilo kishikio kizuri kinalimudu. Kinachoua ni mtikisiko wa injini unaolegeza skrubu kidogo kidogo bila wewe kuona, pamoja na urefu wa kwenda juu. Mpira wa kunyonya haushiki kwa gundi, hewa ya nje ndiyo inayoukandamiza. Kisongo uko karibu mita 1,400. Ukifika mita 4,000 shinikizo la hewa limeshapungua zaidi ya robo, na kale kahewa kalikobaki ndani ya mpira kanatanuka. Hapo ndipo unaachia. Kamera ikichomoka inaweza kupiga mkia wa ndege, au ikatua juu ya bati la mtu Ngaramtoni. Barabara ya Karatu haikupi jibu la hili.

Wanaofanya kazi hii kwa uhakika hutumia kishikio cha chuma kinachofungwa kwenye ile pete ya chini ya bawa ya kufungia ndege ikiwa imeegeshwa, au kinachobana nguzo ya bawa. Juu yake huongeza waya wa chuma wa usalama, mfupi kiasi kwamba kamera ikichomoka haifiki kwenye sehemu yoyote ya bawa inayosogea kuongoza ndege. Kaa mbali na mrija wa pitoti unaopima mwendo, tundu za kupumulia tangi la mafuta, na kifaa cha kumuonya rubani bawa linapokaribia kushindwa kubeba.

Mama_Lenzi
Na mwenye ndege anajua? Maana rubani kusema "tujaribu" hakutoshi, na bima nayo ina maneno yake.

Fundi_Hanga
Swali zuri sana dada. Kitu chochote cha nje ya ndege anakiamua injinia mwenye leseni anayeitunza ndege hiyo. Yeye ndiye atakayekwambia kama inabidi iende TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na akiridhia anaandika kwenye kitabu cha ndege. Bila maandishi yake, msiruke.

Rubani_Moshi
Naongeza moja. Mei 2014, Cessna 150 ilianguka karibu na Watkins, Colorado, Marekani, wakafa wote wawili waliokuwemo. Wachunguzi wa NTSB, taasisi ya Marekani inayochunguza ajali za ndege, walisema inaelekea rubani alivurugwa umakini na kujipiga picha kwa simu. Kwa hiyo kamera iwashwe ardhini, na rubani asiguse kitu wala kuulizwa "inarekodi?" angani.

Mama_Lenzi
Mdogo wangu, mimi ningepiga ndani kwanza. Tandika kaniki nyuma ya lenzi kuzuia mng'ao wa kioo, na usiweke kichujio cha polaraizi, kwa sababu madirisha ya plastiki yatakutolea mistari ya rangi za upinde wa mvua. Propela ikionekana kama imepinda, weka kichujio cheusi kinachopunguza mwanga, kasi ya shata ishuke. Rukeni alfajiri, saa nne Kibo mara nyingi kimeshafunikwa. Halafu hifadhi zote mbili, ya Arusha yenye Meru na ya Kilimanjaro, ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kibali cha kupiga picha za biashara kiulizie mapema.

Mpigapicha_Njiro
Nawashukuru sana wakuu. Nimemwambia rubani hatubandiki kitu mpaka injinia aseme, naye amekubali. Mteja nimempigia, yuko tayari kuanza na picha za ndani. Fundi, huo waya wa usalama unafungwa kwenye pete ileile ya kishikio au sehemu nyingine?

Fundi_Hanga
Sehemu nyingine kabisa. Pete ikilegea, waya nao utaondoka.