Baba Mkubwa na ngazi za Mabatini

Mama Mkubwa, 05:41
Wanangu, baba yenu hajalala. Tangu saa 10 kakaa kitandani kashika kifua. Anasema ni gesi, jana tulikula dagaa usiku.

Kabula, 05:42
Shikamoo Mama. Kinachoma au kinabana?

Mama Mkubwa, 05:43
Kinabana. Kaweka ngumi katikati, anasema kama kakaliwa na mtu. Na jasho, shati limelowa.

Masanja, 05:44
Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza kupanda huko nyumbani. Pale kwenye mawe makubwa akasimama, akawa anatazama ziwa kimya. Baada ya dakika kama tatu akaendelea. Nikadhani ni uzee.

Kabula, 05:47
Masanja, hiyo ya ngazi inaitwa anjaina tulivu. Mshipa unaolisha moyo umekuwa mwembamba. Ukikaa, damu inatosha. Ukipanda, moyo unadai zaidi, haupati. Ukipumzika inaachia.
Hii ya leo imemfuata kitandani na haiachii. Maumivu yakibadili tabia hivyo ni anjaina isiyo tulivu, au moyo wenyewe umeshaanza kufa sehemu. Si ya kusubiri kuche. Masanja, tafuta gari sasa, mpeleke hospitali ya Bugando, dharura.

Masanja, 05:48
Nimeshamwamsha jirani mwenye taksi.

Mama Mdogo Ester, 05:49
Mimi nina vile vidonge vyangu vya moyo, vya chini ya ulimi. Nilete?

Kabula, 05:50
Hapana Mama Mdogo, asante. Vinashusha presha, na yake hatujui ikoje. Vyako uliandikiwa wewe.
Mama, asishuke ngazi kwa miguu yake! Mkalisheni kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne wambebe.

Mama Mdogo Ester, 06:03
Kabula, mbona mimi yangu huja nimekaa tu, na picha ya mishipa Dar ilitoka safi?

Kabula, 06:09
Yako ni ya mishipa midogo sana, ile picha haiioni. Inawapata zaidi wanawake, na wengi huambiwa ni mawazo tu. Si mawazo. Ipo na anjaina ya aina ya nne, mshipa unajikaza wenyewe, mara nyingi usiku au alfajiri. Daktari Prinzmetal aliieleza mwaka 1959, na sigara huichochea. Lakini nyumbani hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho, ndiyo maana nimesema gari kwanza.

Masanja, 06:24
Tumefika. Wamemlaza, wamembandika nyaya kifuani.

Kabula, 06:25
Waambie saa yalipoanza, na ile ya kwenye mawe.

Masanja, 06:38
Daktari alimuuliza mwenyewe yalianza lini. Baba Mkubwa kanitazama kwanza, kisha akasema tangu kabla ya Pasaka, kila akipanda nyumbani.